Fomu ya kazini inauliza “leave”: ipi kati ya zote?

Kutoka: Zuhura, Coventry

Shikamooni wakubwa, na wenzangu hamjambo. Nahitaji macho ya mtu mwingine. Niko FLR(M), fomu ya kuongeza ruhusa ya kukaa Uingereza kwa mwenzi wa ndoa, maombi nimepeleka kabla viza haijaisha, alama za vidole nimeshatoa, nasubiri. Kazini nimeomba likizo ya wiki mbili kwa sababu mdogo wangu anaolewa huko nyumbani. Sasa HR (idara ya wafanyakazi) wana fomu mpya. Ukurasa wa mbele wanauliza aina ya leave, inaanza lini, inaisha lini. Ukurasa wa nyuma kuna kisanduku peke yake: “Leave expiry date”. Nikajaza tarehe ya kurudi kazini kote kuwili. Imerudishwa na wino mwekundu: “Leave expired. Please clarify before leave can be approved.” Ipi imeisha na ipi haiwezi kupitishwa? Na mtu aliye kwenye 3C (kifungu kinachoendeleza ruhusa ya zamani wakati maombi yanasubiri), kile kisanduku cha nyuma anaandika tarehe gani? Supervaiza kaniambia niwaulize HR. HR wananijibu kwa kunitumia fomu ileile upya.

Kutoka: Mzee Kibwana

Marahaba mwanangu. Wanayosema imeisha ni ruhusa yako ya kukaa, na ambayo haipitishwi ni likizo. Hawa watu neno moja wanalitumikisha kazi tatu kwa mshahara mmoja. Tangu Sheria ya Uhamiaji ya 1971, mgeni anapewa “leave to enter” mlangoni, na akishaingia anapewa “leave to remain”. Enzi zetu ilikuwa muhuri tu kwenye pasi. Jamaa niliyekuwa nakaa naye alipouona wangu aliishia kwenye neno la kwanza, akaanza kunisaidia kufunga mizigo. Shuleni tumefundishwa leave ni ondoka. Sasa “leave to remain” mtu ataielewaje, ondoka ubaki? Wewe wapelekee BRP, ile kadi ya ruhusa ya kukaa, tarehe iko hapo mbele.

Kutoka: Shabani, Reading

Mzee wangu, kwa heshima zote, BRP ni marehemu. Sasa hivi ni eVisa, ruhusa iliyo mtandaoni, unaingia akaunti ya UKVI (idara ya viza), unatoa share code, yaani msimbo wa kumwonyesha mwingine hadhi yako, mwajiri anajiangalizia mwenyewe. Share code inadumu siku 90. Halafu hata zilipokuwa hai, kadi nyingi ziliandikwa zinaisha 31 Desemba 2024 wakati ruhusa ya mwenyewe ilikuwa inakwenda mbele zaidi. Tarehe ya kadi na tarehe ya leave hazikuwa kitu kimoja. Tusimpoteze dada wa watu.

Kwa mtu wa 3C ambaye eVisa yake haionyeshi kitu, mwajiri anaomba PVN, yaani barua ya uthibitisho, kwa Employer Checking Service, huduma ya serikali ya kuhakiki haki ya kufanya kazi. Ikitoka inamfunika mwajiri miezi 6. Hilo ni jukumu lao, si lako.

Kutoka: Mzee Kibwana

Nimesikia, kadi imekufa. Neno ndilo halijafa, na swali lilikuwa la neno.

Kutoka: Bi Mwanaidi, mkalimani

Kama ni la neno, niachieni nafasi kidogo, maana mahakamani linanitoa jasho kila wiki.

Haya yalikuwa maneno mawili tangu mwanzo. Kiingereza cha kale kilikuwa na *lēaf*, yaani ruhusa, na *lǣfan*, yaani kuacha kitu nyuma, kukibakiza. Matamshi yakasogeleana mpaka yakawa sauti moja, lakini kila moja likabaki na ukoo wake. Ule wa ruhusa ndio uliozaa likizo, kwa kuwa likizo ni ruhusa ya kutokuwepo kazini: annual leave, sick leave, maternity leave, compassionate leave. Askari akitoroka kambini anaandikwa “absent without leave”. Na “leave to remain” ya Mzee Kibwana ni wa ukoo huohuo: ruhusa ya kubaki. Kuondoka hakumo kabisa.

Ukoo wa pili ndio tuliofundishwa darasani: leave the house, leave the key with me, leave me alone. Hapa tahadhari. Mtu wa ofisini akikwambia “leave it with me” anamaanisha niachie nilishughulikie. Nimeona watu wakiweka karatasi mezani na kuondoka wakidhani wamefukuzwa.

Visawe navyo havibadilishani viti ovyo. Treni inatangazwa “departs”, lakini ukimwambia mwenzio “I am departing” atadhani unakwenda kufa. Mtu anayeacha kazi kwa hasira ana-quit, anayeacha kwa barua ana-resign. Likizo Mmarekani anaiita vacation, Mwingereza holiday, ila kwenye karatasi za mwajiri wa hapa itarudi kuwa leave. Hata kwetu mtu husema yuko livu, na kila mtu anaelewa hajahama nchi. Na usijaribu kusema “I am on permission”, hakuna atakayekuelewa.

Mahakama za madai zenyewe zilichoka nalo. Tangu kanuni mpya za 1999 hatusemi tena “leave to appeal”, ni “permission to appeal”. Uhamiaji nao sura mpya za kanuni zao (Rules) zinaandika “permission to stay”, ilhali Sheria yenyewe bado inasema leave. Kwa hiyo ukikuta maneno hayo mawili ndani ya barua moja, usitafute tofauti. Na “settlement” kwa kawaida ni ILR (ruhusa ya kukaa bila kikomo) kwa jina la kistaarabu.

Kutoka: Baba Tatu, Slough

Bi Mwanaidi umenikumbusha shemeji yangu. Pale uwanja wa ndege afisa kamuuliza “How long is your leave?” Yeye kwa furaha: “Three weeks, sir!” Akapelekwa pembeni, akakaa kwenye kiti mpaka walipoelewana kwamba yeye anahesabu za mwajiri na mwenzake anahesabu za serikali. Ana miaka hapa huyu!

Zuhura, HR wanakusumbua tu. Nenda harusini. Mimi nilisafiri maombi yangu yakiwa ndani, nikarudi, hakuna aliyeniuliza. Siku zako 28 za mwaka ni haki yako.

Kutoka: Rehema, Glasgow

HAPANA, HAPANA. Baba Tatu, wewe maombi yako yalikuwa AN1, fomu ya uraia, na ILR ulikuwa nayo mfukoni. Ya uraia unaweza kusafiri. Huyu ni FLR. Akitoka nje ya Common Travel Area (Uingereza, Ireland na visiwa vya karibu) kabla ya uamuzi, maombi yanahesabiwa ameyaondoa mwenyewe, na hiyo 3C inayomshikilia inakatika siku hiyohiyo. Ada hiyo imekwenda. Atarudi na nini? Kwa lugha ya uzi huu: akichukua leave, aka-leave, leave inakufa. Tafadhalini, ushauri wa “mimi nilifanya” tuuandike na aina ya fomu pembeni.

Na hizo 28 ni za anayefanya siku tano kwa wiki, na mwajiri anaruhusiwa kuzihesabu na bank holidays (sikukuu za umma) humohumo. Anaweza pia kukataa tarehe unazotaka, mradi akupe notisi. Haki ni ya siku, si ya tarehe.

Kutoka: Baba Tatu, Slough

Sawa wakili. Mtu anachangia anapigwa herufi kubwa.

Kutoka: Zuhura, Coventry

Dada Rehema, umenitia homa lakini Mungu akulipe. Tiketi nilikuwa nimeshaiweka kando, bado kulipa tu. Basi harusi nitaiangalia kwenye simu. Ila likizo bado naitaka, hata nilale nyumbani, na fomu bado iko mezani kwangu. Kisanduku cha nyuma jamani. Niandike tarehe ya zamani, niandike “3C”, au niache wazi?

Kutoka: Mzee Kibwana

Harusi kwenye simu. Mimi baba yangu nilimzika kwa simu, aliyeshika alikuwa mpwa wangu, mkono unamtetemeka, nikaona zaidi miguu ya watu. Wakati ule nilikuwa nasubiri barua kama wewe. Watu nyumbani wanadhani tumekataa kuja. Waeleze kwamba uko nchi ambayo ruhusa ya kukaa inakufunga usitoke, wakuelewe.

Kutoka: Shabani, Reading

Na ukishavumilia yote hayo ukafika AN1, ndipo nyumbani wanakwambia chagua. Wakenya tangu Katiba ya 2010 wanashika pasi mbili bila maneno. Sisi Watanzania ukichukua ya hapa, ile ya kwetu inakwenda.

Kutoka: Baba Tatu, Slough

Si kuna hadhi maalumu sasa kwa raia wa nje wenye asili ya Tanzania? Fuatilia habari za kwenu kabla ya kulalamika.

Kutoka: Shabani, Reading

Hadhi maalumu si uraia. Haikupi kura. Ni leave to remain ya kwenu ulikozaliwa, tena unaiomba kwa fomu.

Kutoka: Bi Mwanaidi, mkalimani

Shabani, usichanganye. Mtu anaweza kuona hadhi hiyo haitoshi bila kuiita jina ambalo si lake. Tafsiri mbovu ndiyo imemletea Zuhura wino mwekundu.

Kutoka: Shabani, Reading

Bi Mwanaidi, mimi sitafsiri, nalalamika. Ni kazi mbili tofauti.

Kutoka: Mwenye kusimamia orodha

Uraia pacha una uzi wake na umejaa tayari, hamieni huko. Zuhura, kama kuna mtu wa HR humu ndani atakujibu. Wengine wote, kabla ya kuandika, semeni mnazungumzia leave ipi.

Kutoka: Baba Tatu, Slough

Naulizia tu, hiyo hadhi maalumu mtoto aliyezaliwa huku naye anaipata, au mpaka mzazi aanze?