Tutavaa nini Jumamosi?

Dada Mkubwa: Shikamooni wakubwa. Mpiga picha amekubali kutupiga picha ya familia Jumamosi, saa 11 jioni, nje kwenye majani. Jua litakuwa limeshuka, hakuna atakayekunja uso. Sasa tuongee nguo mapema, tusikurupuke siku yenyewe kama mwaka jana.

Musa: Rahisi tu dada. Wote fulana nyeupe na jinzi, kwisha.

Shangazi: Marahaba mwanangu. Musa, hapana. Tuko 12. Fulana nyeupe 12 zikipangwa pamoja, jicho linakimbilia fulana, nyuso zinakuja baadaye. Na nyeupe kali pembeni ya ngozi nyeusi inaisumbua kamera: ikiipata sura vizuri, nguo inakuwa weupe mtupu, haionekani hata mkunjo.

Baba: Mimi nina shati langu jipya la kijani.

Dada Mkubwa: Shikamoo Baba. Nyuma yetu ni majani na miti, utapotea humo.

Asha: Na ile fulana ya njano inayowaka, Musa, naomba ibaki nyumbani. Mwaka jana ulimpakata mwanangu ukiwa umeivaa. Nimeikuza ile picha leo. Chini ya kidevu na shingoni mtoto ana unjano kama anaumwa. Ni nguo imemrudishia mwanga wake.

Musa: Nimeikuza na mimi, nimeona. Samahani sana Asha, siku zote nilidhani ni kamera.

Mama: Bibi kanituma. Atavaa gauni lake la zambarau lenye maua, na havai jingine. Ameshalitoa sandukuni, amelitundika dirishani lipate hewa.

Musa: Jamani, zambarau? Na sisi tuvae nini sasa?

Dada Mkubwa: Tuvae kumfuata yeye. Ndiye atakayekaa katikati, na ndiye tuliyemfungia safari wote. Mama, lipige picha hapo hapo dirishani, bila flashi, tuzione rangi zake.

Mama: 📷 Picha

Shangazi: Lo, zuri hili! Hebu likuzeni. Ua ni rangi ya maziwa, kikonyo ni kijani kilichofifia, na katikati ya ua kuna rangi ya udongo. Rangi zetu hizo. Kijani tukiache kwa sababu ya majani. Kila mtu achukue maziwa, udongo, au zambarau iliyokolea kuliko ya Bibi. Maua tumwachie yeye peke yake, sisi tuvae nguo zisizo na michoro.

Mjomba: Nina shati la mistari midogo midogo ya kijivu. Lile je?

Asha: Shikamoo Mjomba. Mistari myembamba hivyo inacheza kwenye kamera, yanatokea mawimbi ambayo shati halina. Lile la udongo ulilovaa juzi lilikupendeza sana.

Mjomba: Marahaba. Lina maandishi kifuani.

Asha: Basi vaa sweta juu yake, maandishi watu watayasoma kabla ya kukutazama.

Dada Mkubwa: Leo usiku kila nyumba itandaze nguo zake zote kitandani, pamoja na viatu, na kuzipiga picha. Kisha igeuzeni iwe nyeusi na nyeupe. Mkiona zote zimekuwa kijivu kimoja, badilisheni moja iwe nyepesi zaidi au iliyokolea. Watoto wavae mapema na wakae chini nazo, gauni likipanda juu ya magoti tujue leo. Soksi za kubana wavuliwe nusu saa kabla, zinaacha alama miguuni.

Baba: Miwani yangu inageuka nyeusi nikitoka nje.

Dada Mkubwa: Baba njoo na ile ya zamani tafadhali. Tunataka kuyaona macho yako.

Mama: Bibi anauliza viatu. Vile vya kufungwa vinamuumiza, miguu imevimba kidogo.

Shangazi: Asivivae kabisa! Avae vile laini vya kila siku. Gauni linafika chini, na hata vikionekana, ndivyo tunavyomjua navyo.

Mama: Nimemsomea. Anacheka, anasema basi vioshwe. Naenda kuviosha.

Baba: Mama Asha, lile shati langu la rangi ya maziwa liko wapi?