Wataalamu wa programu: nitajuaje msimbo huu wa kupanga orodha hauvurugi foleni?

Kijana wa Gerezani
Wakuu, shikamooni wakubwa, na rika langu mambo vipi.

Niko kwenye kaofisi kadogo Kariakoo, tunahudumia mfumo wa oda wa duka moja la jumla. Oda zinaingia tangu alfajiri. Ikifika saa nne mfumo unazipanga kwa eneo, ili bodaboda wa Mbagala abebe za Mbagala na wa Tegeta abebe za Tegeta. Mwenye duka ana sharti moja tu: ndani ya eneo, aliyeagiza mwanzo apelekewe mwanzo.

Msimbo wa kupanga uliandikwa na jamaa ambaye keshaondoka. Ni lugha ya JavaScript, ila hakutumia upangaji uliomo kwenye lugha yenyewe, kaandika wa kwake: unakata orodha nusu kwa nusu mpaka vibaki vipande vya kimoja kimoja, kisha unaviunganisha. Sasa wateja wa Mbagala wanalalamika kwamba wanarukwa. Wa Tegeta na Bunju kimya. Nikiifungua orodha naiona imenyooka, Kimara pamoja, Mbagala pamoja. Jaribio alilotuachia ni moja: linaingiza 5, 3, 1, 4, 2 na kutegemea 1 mpaka 5. Halijawahi kufeli.

Bosi kasema nisiguse kitu mpaka nimwonyeshe kosa kwa ushahidi. Majaribio ya aina gani yanatosha kusema upangaji uko sahihi, na hili la kumtunza aliyetangulia linapimwaje? Nawasilisha.

Kibao Kata
Futa, weka upangaji wa lugha, kalale. Uzi ufungwe.

Mama Wawili
Kibao Kata, mwenzio kasema bosi anataka ushahidi. Soma bandiko kwanza.

Kijana, anza na usahihi. Una masharti mawili na watu wengi hupima moja. La kwanza, kila kitu kwenye jibu kisiwe kikubwa kuliko kinachokifuata. La pili, jibu liwe na vitu vilevile vilivyoingia, kwa idadi ileile. Funksheni, yaani kipande cha msimbo kinachopewa kitu na kurudisha jibu, ikirudisha orodha tupu inatimiza la kwanza bila jasho. Hata inayorudisha 1, 1, 1, 1, 1 inalitimiza. Kwa hiyo hesabu kila kitu kimeingia mara ngapi na kimetoka mara ngapi, ulinganishe.

Uthabiti, yaani hilo la kumtunza aliyetangulia pale vitu vinapolingana, ni suala jingine, na hilo jaribio lako la namba tano haliwezi kuuona hata ukiliendesha mpaka mwakani, kwa sababu halina vitu viwili vinavyolingana. Vikiwa vyote tofauti hakuna wa kumruka mwenzake. Kabla ya kupanga, bandika kila oda namba ya nafasi yake: 0, 1, 2 na kuendelea. Panga kwa eneo peke yake. Kisha pita kwenye jibu: kila oda mbili zilizofuatana zikiwa za eneo moja, namba ya kwanza lazima iwe ndogo kuliko ya pili. Ikizidi, umeshika mwizi.

Usitumie namba za kubahatisha kuanzia 1 hadi milioni kama wengi wanavyofanya. Orodha ya vitu ishirini kwa mtindo huo karibu kila mara itakuwa haina marudio, utapima mara elfu na usipime chochote. Tumia maeneo matatu tu. Tena kwa maeneo matatu huna haja ya kubahatisha: orodha zote zinazowezekana, kuanzia tupu mpaka ya urefu wa 8, ni 9,841. Zijaribu zote, kompyuta itamaliza hujakoroga chai.

Fundi Saa wa Msimbazi
Mimi naweka dau kabla sijaona msimbo. Hapo kwenye kuunganisha kuna alama ya `<` iliyopaswa kuwa `<=`. Inasomeka hivi: kama wa kushoto ni mdogo kuliko wa kulia chukua wa kushoto, la sivyo chukua wa kulia. Wakilingana, anachukuliwa wa kulia, yaani aliyechelewa. Na kwa kuwa jambo hilohilo linajirudia kila hatua ya kuunganisha, foleni ya eneo zima inageuka kichwa chini. Tegeta na Bunju wako kimya kwa sababu pengine siku nyingi wana oda moja moja. Oda moja haigeuki.

Mzee wa Seva
Mama Wawili nakubaliana naye kwa msimbo huu, ila usiondoke hapa ukiamini urefu wa 8 unatosha kila mahali. Kwenye kivinjari cha Chrome, kabla ya toleo la 70 la mwaka 2018, upangaji wa ndani wa JavaScript ulikuwa na njia mbili. Orodha ya vitu 10 kushuka chini ilipangwa kwa kuingiza kimoja kimoja mahali pake, na hiyo ni thabiti. Ikizidi 10 ilihamia kwenye njia ya mwanasayansi wa kompyuta Tony Hoare ya kugawa kwa nguzo, yaani unachagua kitu kimoja, vidogo kuliko hicho vinakaa upande huu na vikubwa upande ule, na hiyo si thabiti. Kwa hiyo jaribio la vitu vinane lilipita vizuri kabisa, na orodha ya kumi na moja ikavurugika kwa mteja. Sharti la uthabiti liliingia rasmi kwenye lugha na toleo la 2019.

Java, ambayo ni lugha nyingine, nayo ina mpaka wake: orodha ya vitu chini ya 32 haipitii hatua za kuunganisha. Kwa hiyo jaribu ndogo zote, halafu ongeza za mamia na maelfu, na uzingatie pale msimbo unapobadili njia: moja chini ya mpaka, mpaka wenyewe, moja juu.

Kibao Kata hajakosea sana. Kama seva yenu ina toleo la karibuni la JavaScript, upangaji wa lugha ni thabiti na utakufaa. Ukihamia lugha za Go au C++ usibebe imani hiyo, kule upangaji wa kawaida hauahidi uthabiti, ulio thabiti unauita kwa jina lake.

Dada Mbezi
Hakuna aliyegusa funksheni ya kulinganisha, ile inayoamua kati ya vitu viwili kipi kitangulie, na mimi ndiyo huniumiza kichwa kuliko njia ya kupanga yenyewe. Ukiandika inayorudisha kweli au si kweli badala ya hasi (wa kwanza atangulie), sifuri (wanalingana) au chanya (wa pili atangulie), haisemi kamwe kwamba wa kwanza atangulie. Jaribu jozi zote: ukimpa A na B kisha B na A, majibu yawe kinyume. A akiwa kabla ya B, na B kabla ya C, basi A awe kabla ya C.

Na maeneo wateja wanaandika wenyewe? "Mbagala", "mbagala" na "Mbagala " yenye nafasi mwishoni ni maeneo matatu kwa kompyuta.

Kibao Kata
Sasa na majaribio yote hayo mtakuwa na uhakika? Ule upangaji wa Tim Peters aliouandikia lugha ya Python mwaka 2002 ulipimwa na dunia nzima, ukaingia hadi Java, na mwaka 2015 watafiti waliokuwa wanajaribu kuthibitisha kihesabu kwamba uko sahihi wakakuta una kasoro.

Mzee wa Seva
Kweli, lakini kuuangusha kulihitaji orodha kubwa mno iliyotengenezwa makusudi. Duka la Kariakoo halitaifikia. La huyu kijana litaonekana kwa oda mbili.

Kijana wa Gerezani
Wakuu, Mungu awabariki. Nimeandika kama Mama Wawili alivyoelekeza, na orodha fupi zaidi iliyofeli ni hii:

Mbagala 2:10 asubuhi, nafasi 0
Mbagala 2:40 asubuhi, nafasi 1

Ikatoka 1, 0. Oda mbili tu! Fundi Saa dau umeshinda, mstari ni `if (kushoto[i].eneo < kulia[j].eneo)`. Nimeweka `<=` kwenye nakala yangu, zote 9,841 zimepita. Za vitu elfu tano nazo zimepita. Maeneo yanachaguliwa kwenye orodha, hayaandikwi, Dada Mbezi.

Ila nauliza: nikiweka muda ndani ya funksheni ya kulinganisha, yaani eneo kwanza kisha muda, si nitakuwa sihitaji uthabiti kabisa?

Mama Wawili
Ndiyo, na ningekuwa mimi ndivyo ningefanya. Lakini muda wenu unaishia kwenye dakika. Wawili wakiagiza 2:10 unarudi palepale. Maliza na namba ya oda, hiyo haijirudii. Majaribio ya uthabiti yaache hapo hapo, atakuja mwingine baada yako apange kwa bei.

Fundi Saa wa Msimbazi
Na zile orodha kubwa za kubahatisha, andika kwenye kumbukumbu ile namba uliyoanzishia ubahatishaji. Ikifeli usiku wa manane bila hiyo namba hutaipata tena orodha yenyewe.

Kijana wa Gerezani
Naiongeza sasa hivi. Kesho saa mbili namwonyesha bosi kabla oda hazijapangwa.