Mrejesho: Siku 12 Ujerumani, Berlin hadi pwani

Wakuu, habari zenu, na shikamooni kwa wakubwa. Juni 2024 niliwauliza nitazungukaje Berlin, Hamburg na pwani kwa siku 12 bila kumaliza akiba. Nimerudi salama. Asanteni sana.

Ushauri ulioniokoa ni wa Deutschlandticket, tiketi ya mwezi ya usafiri: mwaka 2024 ilikuwa euro 49 kwa mwezi, unapanda treni za mikoa, basi na tramu nchi nzima. Treni za kasi za ICE hazimo, hivyo Berlin hadi Hamburg nilibadilisha treni na kutumia zaidi ya saa nne. Sijuti. Lübeck nako nilifika, nikaliona lango la Holstentor, kisha nikaogelea Travemünde. Maji ya Baltiki ni baridi hata Agosti!

Aliyenisisitizia Cuxhaven, mji wa pwani ya Bahari ya Kaskazini, Mungu akubariki. Maji yakipwa, watu wanavuka kwa miguu hadi kisiwa cha Neuwerk, kama kilomita 10 hivi. Mimi ni mtu wa Tanga, kupwa na kujaa nimekuzoea tangu utotoni, lakini bahari kuondoka mpaka usiione tena sijawahi kushuhudia. Kisiwani sikufika. Nilichelewa kuanza, na kwa ratiba ya maji ya siku ile ilibidi nigeuke.

Kosa jingine ni langu: tiketi ile hujirudia kila mwezi, na kusitisha mwisho ni tarehe 10. Nilikumbuka tarehe 14, nikakatwa euro 49 nyingine. Mtakaokwenda, sitisheni mapema, mwezi uliolipia mtautumia hadi uishe.