Tangazo la umma kwenye simu: nani aamue sura ya maandishi?

MWANZISHA MADA, Unguja Mjini

Assalaam alaykum waungwana. Naleta mada ambayo sisi watengenezaji wa programu za simu tunaizungumza kivyetu, na wanaoandika matangazo wanaizungumza kivyao, lakini pande mbili hazijakaa kitako pamoja.

Hoja yangu ni hii. Katika programu yoyote inayowapelekea wananchi habari za umma, iwe chanjo, bei ya karafuu, mitihani ya skuli au safari za boti, anayeandika tangazo asipewe uwezo wa kuchagua fonti, rangi wala ukubwa wa herufi. Apewe alama za kusema: hiki kichwa cha habari, hapa pana mkazo, hii orodha, hiki kiungo. Sura ya maandishi iachiwe programu na simu ya msomaji.

Najua kauli hii itawakera wengi, basi naeleza sababu.

Matangazo mengi huandikwa kwenye Word, halafu yakakopiwa na kupestiwa kwenye kihariri cha programu. Kinachopita pale si maneno peke yake. Nyuma yake linakuja furushi la HTML, yaani alama zinazounda kurasa za wavuti: fonti fulani, ukubwa fulani, na rangi nyeusi iliyotajwa kwa namba yake. Sasa chukua mtu aliyeiweka simu yake kwenye hali ya giza, ambayo Android na iPhone zote zinayo tangu 2019. Anafungua tangazo, anakuta herufi nyeusi juu ya weusi. Ujumbe umefika na hausomeki. Aliyeutuma hana habari, maana kwenye kompyuta yake kila kitu ni cheupe na kizuri.

La pili ni ukubwa. Bi mkubwa ambaye macho yamepungua nguvu anakwenda kwenye mipangilio ya simu, anakuza herufi. Android 14, iliyotoka 2023, inamruhusu kufika asilimia 200. Programu iliyotengenezwa sawasawa hupima herufi kwa sp, kipimo kinachofuata mpangilio huo. Lakini tangazo likishabeba ukubwa wake wenyewe kwa pikseli, alichokitaka yule bi mkubwa hakisikilizwi. Afadhali kidogo lingekuwa jambo la urembo. Hili ni la haki: Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara ya 9 inataja wazi kuwa habari na mawasiliano yawafikie watu wote.

Karibuni. Anayepinga apinge kwa hoja.

OFISA HABARI, Unguja

Kaka, naiheshimu fani yako, lakini hujawahi kukaa upande wetu siku ya tangazo la kipindupindu. Mtu anapitisha kidole juu ya skrini, habari hamsini zinapita. Nisipoweka nyekundu, nisipokuza herufi, tangazo langu linapita na nyingine. Wananchi wetu wamezoea mabango ya WhatsApp yenye rangi na nembo. Nikiwapa aya kavu hawasomi.

Na nikwambie kitakachotokea ukininyima vitufe vya rangi. Nitatengeneza bango, nitaligeuza picha, nitaituma picha. Wenzangu wengi wanafanya hivyo tayari.

MWANZISHA MADA

Bi dada, ahsante, maana hiyo picha ndiyo ninayoiogopa zaidi. Picha ya maneno haitafutiki, inakula bando, ukiikuza unaivuta kushoto na kulia ili umalize sentensi moja, na msomaji wa skrini, yaani programu inayomsomea kwa sauti asiyeona, haoni ndani yake neno hata moja.

Lakini nimekusikia kwenye kipindupindu. Tuongeze alama ya "onyo". Wewe unasema aya hii ni onyo. Programu inaiweka ndani ya kisanduku chenye rangi ya hatari, ikoni, na neno "Onyo" juu yake, na inajua rangi ipi isomeke kwenye hali ya giza na ipi kwenye mwanga. Unapata nyekundu yako. Unachokosa ni uwezo wa kuipaka nyekundu kila sentensi, kwa sababu siku kila kitu kikiwa chekundu hakuna onyo tena.

MWALIMU WA SKULI, Chake Chake

Mie nasoma kwa sikio. Sioni, natumia TalkBack, msomaji wa skrini wa Android, kila siku, kwa hiyo nataka niseme jambo ambalo nyote mmelizunguka.

Tangazo la bei ya karafuu linakuja na bei mbili. Ya zamani imepigwa mstari katikati, mpya imeandikwa pembeni kwa herufi nzito. Kwa mwenye macho iko wazi. Mie nasikia namba mbili zikifuatana, sauti ile ile, bila neno kati yao. Kwa kawaida TalkBack haisemi kuwa hapa pamepigwa mstari wala kuwa hapa ni pazito. Sasa mkulima asiyeona, mwenye magunia yake, ataamua vipi akauze leo au asubiri? Andikeni "bei ya zamani" na "bei mpya". Maneno mawili yanamaliza kazi.

La pili ni vichwa vya habari. Kichwa kikiwekewa alama kuwa ni kichwa, mie naruka kutoka kimoja hadi kingine mpaka nifike ninapotaka. Kikiwa ni maneno ya kawaida yaliyokuzwa na kunenepeshwa, kwangu hakipo. Nalazimika kusikiliza waraka wote tangu bismillahi.

Na wale wanaochukua herufi za mapambo kwenye mtandao, zile nene au za mwandiko wa mkono, wakazibandika kwenye matangazo: zile si herufi za kawaida. Kwenye Unicode, orodha ya kimataifa ya herufi za kompyuta, ni alama za hisabati. Simu ama inanitajia jina la kila alama, ama inaziruka kimya kimya.

Namuunga mkono mwanzisha mada.

MTENGENEZAJI WA KUJITEGEMEA, Mwanakwerekwe

Mimi pia naandika kodi za programu na siko upande huo, angalau si wote.

Mnasema "alama za kusema" kwa wepesi. Alama zipi? Wengi watakimbilia Markdown, mtindo wa kuweka alama kama nyota ndani ya maandishi, uliotolewa na John Gruber mwaka 2004, kwa kuwa ni nyepesi na karibu kila lugha ya programu ina maktaba yake, yaani kodi tayari ya kuisoma. Haya, ofisa wetu ameizoea WhatsApp, ambako nyota moja kila upande ni herufi nzito. Kwenye Markdown nyota moja ni mlazo, na nzito inataka nyota mbili. Ataandika *muhimu* akitegemea unene, itatoka imelala. Atakata tamaa siku ya kwanza, atarudi kwenye picha.

Halafu kila jukwaa la kutengenezea programu lina njia yake ya kupamba maandishi. Android ina spani zake, iPhone ina AttributedString, Flutter ina TextSpan, React Native unapachika Text ndani ya Text. Hata mkikubaliana alama saba, mtu mmoja lazima azitafsiri mara kadhaa na kuzipima kwenye simu za bei nafuu ambazo ndizo watu wanazo. Nani analipa? Mteja wangu anataka kuona skrini inang'aa. Mkilifanya hili kanuni, wadogo tutashindwa zabuni.

Na jadwali je? Ratiba ya boti ni jadwali. Ukiipitisha kwenye Html.fromHtml, kifaa cha Android cha kugeuza HTML kuwa maandishi, vitambulisho vya jadwali havitambuliwi. Saa, jina la boti na bandari vinamwagika kwenye mstari mmoja.

MWANZISHA MADA

Ndugu yangu, la nyota ni kweli tupu, na ndiyo maana sitaki ofisa aandike nyota. Abonyeze kitufe kilichoandikwa "Mkazo". Nyuma ya kitufe programu ihifadhi muundo: hii aya, hiki kipande chenye mkazo, hii orodha. Isihifadhi HTML wala Markdown. Akipesti kutoka Word, kihariri kibakishe muundo na maneno, vingine vyote kivitupe. Hapo pia umefunga mlango wa usalama, kwa sababu hakuna anayeweza kuingiza skripti, yaani amri za kujificha, kwenye tangazo ambalo halipokei HTML.

Kuhusu gharama, linganisha na kinachofanyika sasa. Wengi wanachukua HTML yote na kuifungulia WebView, kivinjari kidogo ndani ya programu, kwenye orodha ya matangazo, na simu yenye kumbukumbu ndogo inakwama. Alama saba zinazogeuzwa kuwa maandishi ya kawaida ya simu ni nyepesi mno kuliko hayo.

Jadwali nakupa haki yako. Ila mimi naona ratiba ya boti haikupaswa kuwa maandishi tangu mwanzo. Ni data: tarehe, saa, kutoka, kwenda. Programu iichore kadi kwa kadi kwenye skrini nyembamba. Boti ikiahirishwa kwa upepo, unabadilisha sehemu moja, huandiki tangazo upya.

MAALIM, Wete

Waalaykumu salaam warahmatullah. Nimesoma kwa utulivu. Hoja inasimama kwa Kiswahili. Kwa aya ya Qur-ani haisimami.

Matangazo yetu ya Ramadhani, ya Zaka, hata ya msiba, yana aya ndani yake. Ukiiachia simu ijiamulie, mstari unabanwa kwa kimo cha herufi za Kilatini: fat-ha ya juu inakatwa, kasra inagusana na mstari wa chini. Mtu akibonyeza herufi nzito, simu isiyo na fonti nzito ya Kiarabu inajinenepeshea yenyewe, shadda na irabu zinakuwa doa moja. Akibonyeza mlazo, khati inapindishwa kama Kilatini. Akitanua nafasi baina ya herufi ili kupendezesha, herufi zinaachana, na mwandiko wetu ni wa kuungana. Kisha aya ikikaa katikati ya sentensi ya Kiswahili, namba ya sura na mabano yake vinahamia upande usio wao.

Irabu ikikosewa maana inageuka. Kwa hiyo lazima mwandishi awe na amri juu ya fonti.

MWANZISHA MADA

Maalim wangu, maradhi umeyataja yote, na nusu yake yanatokana na vitufe vile vile ninavyotaka viondoke: nzito, mlazo, nafasi. Nusu nyingine ni kwa sababu programu haijui kwamba kipande hiki ni Kiarabu.

Tuiambie, basi. Iwepo alama ya "aya", kwa maana ya aya ya Qur-ani. Mwandishi akiitia, programu inachukua fonti iliyopakiwa ndani yake, mathalan Amiri au Noto Naskh Arabic ambazo zote ni huria, inaongeza kimo cha mstari, na inazima unene na mlazo ndani ya kipande hicho. Inakizungushia zile alama za Unicode zisizoonekana za kutenga mwelekeo wa mwandiko, zilizoingizwa mwaka 2013, mabano yanabaki mahali pake. Na kwa kuwa lugha imetajwa, TalkBack inaweza kubadili sauti ikasoma Kiarabu kwa sauti ya Kiarabu, ikiwa sauti hiyo imewekwa kwenye simu. Fonti ukiichagua kwa mkono hupati hilo la mwisho, maana fonti haimwambii msomaji wa skrini lugha gani inasomwa.

Ninachoomba kwako ni kimoja: wewe na wenzako mkae na mtengenezaji, mwangalie fonti hiyo neno kwa neno kabla haijatoka. Amri juu ya aya iwe yenu kweli, ila itolewe mara moja kwa programu nzima. Isiachiwe kila mwandishi wa tangazo.

MAALIM, Wete

Kwa sharti hilo la mwisho nakubali. Bila hilo sikubali.

OFISA HABARI

Mwalimu wa Chake, la bei mbili limenigusa, na maneno hayo mawili yataanza kuandikwa kwenye matangazo yangu.

Rangi bado. Taasisi ina rangi yake, na mwananchi anaitambua taarifa ya kweli kwa rangi na nembo, khasa siku hizi za taarifa za uongo. Mkiifanya kila taarifa ifanane, mnamrahisishia mwongo.

MWANZISHA MADA

Nembo na rangi ya taasisi ziwepo juu ya skrini, ziwekwe na programu, asiweze kuzigusa hata anayeandika. Hapo ndipo uthibitisho unapata nguvu, kwa sababu rangi ya ndani ya maandishi mwongo anaiiga kwa dakika. Sharti langu ni tofauti ya mwanga tu: mwongozo wa WCAG wa W3C, shirika la viwango vya wavuti, unataka angalau 4.5 kwa 1 baina ya maandishi ya kawaida na kilicho nyuma yake, na hilo lipimwe kwenye mwanga na kwenye giza.

OFISA HABARI

Hilo la nembo nitalipeleka ofisini. Lakini mabango ya picha sitaahidi kuyaacha, maana mengine tunaletewa yameshatengenezwa na wafadhili.

MWALIMU WA SKULI, Chake Chake

Yatumwe, dada yangu. Ila kitufe cha kutuma kisifunguke mpaka maneno yaliyomo kwenye bango yawe yameandikwa chini yake, yote, na tarehe na mahali. Watengenezaji mliopo hapa, hilo mnaweza kulifanya?

MTENGENEZAJI WA KUJITEGEMEA, Mwanakwerekwe

Kazi ya asubuhi moja. Hilo nalifanya bila kusubiri kanuni.