Waya wa klachi wa Porsche 914 umekatika mara ya pili ndani ya miezi nane, naombeni msaada

Mtoto_wa_Raskazone:
Habari za humu wakuu, na wakubwa zangu shikamooni. Niko Tanga mjini, nina gari aliyoniachia baba mdogo (marehemu sasa), Porsche 914 ya mwaka 1974, ile yenye injini ya 1.8 nyuma ya siti, aliinunua kwa Mjerumani mmoja aliyekuwa anarudi kwao na funguo alinikabidhi mwenyewe mkononi akiwa kitandani, kwa hiyo hii gari siiuzi, wale wa kuuliza bei PM naombeni mnisamehe.

Shida ni klachi. Mwezi wa pili waya ulikatika nikiwa Chumbageni, nikaagiza mwingine kwa ndugu yangu yuko Hamburg, ukachukua wiki sita kufika, fundi akafunga na kwa kweli pedo ikawa laini mpaka nikafurahi. Baada ya miezi kama minne pedo ikaanza kuwa nzito, alafu kila baada ya wiki mbili lazima niingie chini nikaze nati ya nyuma kule kwenye foki (ule mkono unaoachia klachi), maana nikiweka rivasi inalia krrrr. Juzi Jumapili natoka Pongwe, nakaribia Kange nakanyaga klachi nikasikia tik... tik... alafu pedo ikalala chini haikurudi. Nilifika nyumbani kwa kuweka gia ya kwanza gari ikiwa imezimwa na kupiga stata, ikaondoka hivyohivyo, kila kwenye tuta roho juu.

Waya nimeuchomoa. Umekatikia nyuma kabisa, pale unapozunguka kwenye puli, nyuzi zimefumuka kama ncha ya kamba ya katani. Fundi wangu anasema nimeletewa waya feki. Mwingine anasema tusihangaike na Ulaya, tuunge waya wa pikipiki. Nyie mnaonaje, niagize tena au nifanyeje?

Jembe_la_Muheza:
Pole mkuu. Hiyo ya kuunga waya wa pikipiki usikubali hata kidogo. Waya wa pikipiki unavutwa na vidole vinne vya mkono, huo wa kwako unavutwa na mguu wa mtu mzima na unasukuma presha pleti ya gari (sahani inayobana klachi). Utakatika kwenye mzunguko wa barabara na nyuma yako kuna lori la saruji.

Klachi_na_Gia:
Mkuu kabla ya kuagiza chochote, hiyo puli umeizungusha kwa mkono? Sisemi umeiangalia, nasema umeishika ukaizungusha?

Ngoja nieleze vizuri maana hizi gari mafundi wengi hawajawahi kuziona na wanazichukulia kama kobe (Volkswagen ya mgongo). Kwenye Porsche 911 injini iko nyuma ya ekseli na giaboksi iko mbele ya injini, kwa hiyo waya unatoka kwenye pedo unakwenda moja kwa moja kuvuta foki kuelekea mbele, hauna haja ya puli yoyote. Walipotengeneza 914 (ilitoka 1969 mpaka 1976, kazi ya Porsche na Volkswagen pamoja) wakageuza, injini ikaja mbele na giaboksi ikaenda nyuma. Sasa foki inatakiwa kuvutwa kwenda nyuma wakati mguu wa dereva uko mbele. Ndo maana wakaweka puli pale kwenye giaboksi, waya unapita pembeni ya injini, unaizunguka ile puli, unageuka kurudi ndio unavuta foki. Yaani ule waya umepigwa kona kali kuliko kona yoyote iliyopo kwenye gari nzima na kila ukikanyaga klachi nyuzi zake zinakunjwa palepale.

Puli ikizunguka, waya na puli vinakwenda pamoja, hamna tabu. Puli ikiganda kwenye bushi yake (kile kibomba inachozungukia), waya unaburuzika juu ya chuma. Pedo inakuwa nzito kwanza, kama ulivyosema wewe mwenyewe, alafu nyuzi zinaanza kukatika mojamoja, zile tik tik ulizosikia si za siku hiyo tu, zilianza zamani ila hukuzisikia sababu ya kelele za injini. Waya unaweza ukawa orijino kabisa na ukafa vilevile.

Lakini kuna kitu kingine kwenye maelezo yako kinanipa wasiwasi zaidi, hiyo ya kukaza nati kila wiki mbili. Waya mpya unatanuka kidogo siku za mwanzo, ukishakaza mara moja mbili unatulia. Ukiendelea kukaza maana yake kuna kitu kinasogea. Ndani ya ule mtaro wa katikati ya gari kuna paipu ya chuma ambayo waya unapita ndani yake, imeshikwa kwa vipande vichache vya kuchomelea, na kwenye gari za umri huu hizo welding zinaachia. Zikiachia, ukikanyaga klachi badala ya waya kuvuta foki, paipu yenyewe inasogea. Utakaza mpaka nyuzi za boliti ziishe.

Kutesti ni rahisi ila waya uwe umefungwa, hata huo uliokatika kama mwisho wake unaweza kubanwa na klempu kwa muda. Mtu mmoja akanyage klachi taratibu, wewe uwe nyuma na tochi unatazama pale paipu inapotokea kwenye ukuta wa chumba cha injini. Ikitingishika hata kidogo, umeshaupata ugonjwa.

Nahodha_Bagamoyo:
Mwanangu mimi gari hiyo siijui, nimeona picha yake tu hapa mlipoitaja nikaitafuta, ni nzuri. Ila hilo jambo la puli nimeishi nalo miaka mingi kwenye majahazi hapa Bagamoyo. Sisi tunaita kapi. Foromali (ule mti unaobeba tanga) inapanda na kushuka kwa kamba iitwayo jarari, na jarari inapita kwenye kapi kule juu ya mlingoti. Kapi likikwama, baharia asiyejua ataona kamba imelika atasema kamba mbovu, atanunua nyingine, baada ya msimu imelika palepale. Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa haangalii kamba kwanza, anatia kidole kwenye kijito cha gurudumu la kapi. Gurudumu linalozunguka kijito chake kimelika sawasawa mzunguko mzima. Lililokwama limechimbika upande mmoja tu. Fungua hilo lako ulitie kidole, na chumvi ya bahari usiidharau, chuma cha Tanga na cha huku kwetu Bagamoyo kinaliwa na hewa hiyohiyo.

Mama_Kobe_Kijani:
Nakubaliana na nahodha kuhusu chumvi. Mimi nina Volkswagen ya mgongo (kobe) nakaa Mikanjuni, na mkiniuliza kosa kubwa la mafundi wetu ni grisi. Wanapaka waya grisi nyingi nje mpaka inadondoka, kila safari ya barabara ya vumbi inakamata mchanga, na mchanga ukichanganyika na grisi ni kama umepaka msasa. Kaka, ukifunga mpya paka kidogo kwenye waya kabla haujaingia kwenye paipu, na kwenye bushi ya puli ndani, alafu futa yote iliyobaki nje kwa kitambaa kikavu.

Pia angalia pedo zenyewe. Bushi za pale zikishika kutu mguu unapigana na pedo na waya kwa pamoja, ukidhani ni klachi kumbe ni pedo. Na kama silinda ya breki inavuja pale chini ya pedo basi yale maji ya breki yanakula rangi na kutu inakwenda haraka sana.

Mtoto_wa_Raskazone:
Jamani nimerudi. Nawashukuru sana, nahodha shikamoo.

Leo asubuhi nimeiweka gari juu ya stendi nikaingia chini mwenyewe. Puli haikuzunguka kwa mkono, nikaipiga mafuta ya kulegezea kutu nikasubiri, ikazunguka robo tu ikagoma. Nimeifungua. Niko nayo hapa mezani kwenye gazeti. Ule mfereji wake upande mmoja umelika mpaka umekuwa mwembamba na unang'aa kama shilingi mpya, na upande wa pili una kutu nyekundu, una hata kiota kidogo cha udongo alichojenga mdudu. Yaani ule upande wa pili haujawahi kuguswa na waya muda mrefu sana. Boliti yake imechimbika pale bushi inapokaa. Na nikikumbuka fundi alipofunga waya mpya puli hakuifungua, alipitisha waya juu yake akakaza, na mi nilikuwa nimesimama pale pembeni sikuuliza.

La pili ndo limeniumiza. Nilibana kile kipande cha waya kama ulivyosema @Klachi_na_Gia, mwanangu wa kike akakanyaga klachi. Paipu inatoka kama sentimita moja hivi alafu inarudi. Akikanyaga inatoka, akiachia inarudi. Nilimwambia arudie kama mara kumi, nikawa natazama tu.

Sasa kuna kijana wa welding Barabara ya 12 ni hodari, amesema nimpelekee kesho saa mbili atakata mtaro kidirisha kidogo, achomelee, afunike. Nimpelekee?

Klachi_na_Gia:
USIMPELEKEE KESHO. Soma hii kwanza.

Ndani ya mtaro huohuo, sambamba na paipu ya waya wa klachi, zinapita paipu za petroli kutoka kwenye tenki mbele kwenda kwenye injini nyuma. Kwenye 914 zilitoka kiwandani zikiwa za plastiki. Plastiki ya mwaka 1974, ngumu imekauka, ina petroli ndani. Grainda ikipita hapo au moto wa welding ukishuka hapo hutapona wewe, wala kijana wa watu, wala gari ya baba mdogo.

Kwa hiyo toa petroli yote kwenye tenki, chomoa paipu zote mbili zitoke kabisa ndani ya mtaro, pitisha hewa ya kompresa, gari ilale wazi usiku mzima, na betri itoe. Ukishazitoa zile za plastiki usizirudishe, weka za chuma cha pua au raba mpya ya petroli ya injekta inayostahimili presha, maana utakuwa umeshafungua na hutarudi tena humo ndani. Nina watu wawili nawafahamu walianza na klachi wakamaliza na paipu za mafuta na wote wanashukuru.

Kijana akate kidirisha upande ambao mkono wako unaingia vizuri, achomelee vituo vitatu au vinne kwa vipindi, asiweke moto mwingi sehemu moja paipu ikapinda au ikatoboka ndani, maana tone la welding likiingia ndani ya paipu litakuwa kisu cha kukatia waya wako mpya. Akimaliza pitisha waya wa zamani ndani kwa mkono, ukikwaruza popote mrudishie.

Puli usiipige msasa ukairudisha. Nunua nzima na boliti yake na bushi yake. Ukifunga, hakikisha waya unaingia kwenye mfereji umenyooka, chuchumaa utazame kwa nyuma, ukiingia kwa ubavu utakula ukingo. Marekebisho ya mwisho, acha pedo iwe na uhuru kama sentimita moja na nusu mpaka mbili kabla haijaanza kushika. Alafu gari ikiwa imewaka kanyaga klachi mpaka mwisho, hesabu taratibu mpaka tatu ndo uweke rivasi. Rivasi haina sinkronaiza (kifaa kinacholainisha gia kuingia) kwa hiyo haidanganyi, ikiingia kimya klachi yako inaachia yote.

Mtoto_wa_Raskazone:
Nimeshampigia kijana nimemwambia si kesho. Petroli nimeanza kuitoa sasa hivi, iko kwenye madumu mawili nje mbali na jiko, betri nimeitoa iko sebuleni. Ndugu wa Hamburg nimemtumia oda mpya, puli, boliti, bushi, waya na paipu za mafuta, nimemwambia akipata mtu anayekuja ampe mkononi.

Ile puli ya zamani siitupi. Nimemwonyesha fundi wangu leo jioni, ameishika muda mrefu anaigeuzageuza, akaniambia siku ya kufunga atakuja mwenyewe na hatachukua hela ya ufundi.