Tupeane uzoefu: mkataba wa Thailand unaisha Machi. Unabaki au unarudi Kampala?

Chaki_Kasese:
Jana mtu kauliza tena lile swali la kila Januari. Anafundisha Kiingereza Thailand, shule imemwambia abaki mwaka wa pili, afanyeje? Akajibiwa "baki tu, hela ipo." Banange, hilo ni jibu? Walimu wenzangu, mnaojua makaratasi mwageni hapa. Habari za baridi ya Chiang Mai hatuzitaki.

Mpakani_Busia:
Kabla ya mshahara, tazama tarehe ya mwisho ya mkataba. Mwaka wa shule kule huanza katikati ya Mei na kuisha Machi, na likizo ya kati ni Oktoba. Uhamiaji hukuongezea muda kufuata mkataba, si kalenda yako. Ukisaini miezi 10, ruhusa ya kukaa inaisha na hiyo miezi 10. Machi inakukuta huna kazi wala mhuri, na muhula mpya bado wiki sita.

Halafu piga hesabu. Baht 25,000 kwa miezi 10 ni 250,000. Baht 23,000 kwa miezi 12 ni 276,000. Huo mshahara "mdogo" unakupa baht 26,000 zaidi, na Aprili unalala na ruhusa yako mfukoni. Mawakala wanapenda sana ile miezi 10 kwa sababu Aprili na Oktoba hawakulipi. Wanakutajia mshahara wa mwezi tu, miezi hawaitaji.

Nnalongo_K:
Hapo kwenye Aprili ndipo watu hulia.

Mzee_Makindye:
Mimi nasema mrudi nyumbani. Tangu mtaala mpya wa 2020 Kiswahili ni lazima S1 na S2 (miaka miwili ya kwanza ya sekondari), na mwaka 2022 baraza la mawaziri lilikipitisha kuwa lugha rasmi ya pili. Mwalimu wa lugha mbili ana kazi hapa hapa.

Chaki_Kasese:
Mzee, kazi ipo, ila mshahara je? 2022 mwalimu wa sayansi mwenye shahada alipandishwa hadi milioni 4, wa sanaa akaachwa kwenye milioni moja na kidogo, mpaka chama cha walimu, UNATU, wakagoma. Kiingereza ni sanaa, na Kiswahili pia ni sanaa. Baht 25,000 ni milioni mbili na nusu na ushei.

Mzee_Makindye:
Na kodi ya chumba kule analipa nani, mbingu? Wewe hesabu kinachobaki, usihesabu kinachoingia.

Mpakani_Busia:
Ninyi wawili fungueni mada yenu. Hapa ni viza.

Fundi_wa_Makaratasi:
Sikilizeni kinachoangusha watu wengi. Siyo kukosa kazi, ni zile siku chache kati ya shule ya kwanza na ya pili.

Ruhusa yako ya mwaka imefungwa kwenye shule moja. Siku ya mwisho ya kazi ndiyo siku ya mwisho ya ruhusa, hata kama mhuri unasema umebakiza miezi minne. Mwalimu anaandika barua ya kuacha tarehe 28 Februari, shule inapeleka taarifa uhamiaji na idara ya kazi, na yeye bado yuko chumbani anatazama mhuri wake unaosema Juni. Anajiona salama. Shule mpya inampeleka kuongeza muda mwishoni mwa Machi, afisa anafungua kompyuta: ajira ilikoma tarehe 28. Zile wiki nne zote amekaa bila ruhusa.

Faini ni baht 500 kwa siku, haizidi 20,000. Hiyo inalipika. Kinachouma ni kufungiwa nchi. Ukijipeleka mwenyewe ukiwa umezidisha zaidi ya siku 90, hurudi mwaka mmoja. Zaidi ya mwaka, miaka 3. Ukikamatwa njiani, hata kama ni siku chache tu, ni miaka 5, na ukiwa umezidisha zaidi ya mwaka ni 10. Bodaboda ikisimamishwa na polisi barabarani ukiwa umepakiwa nyuma, tayari umehama kutoka hesabu ya aliyejipeleka kwenda ya aliyekamatwa.

Njia yake ni hii: siku ile ile ya mwisho wa kazi nenda uhamiaji na barua ya shule, ufute ruhusa. Lipa baht 1,900 upewe siku 7 za kujipanga. Ndani ya hizo siku 7 utoke nchini, kisha uombe viza mpya ya Non-B, ile ya kazi, kwa karatasi za shule mpya. Kama shule mbili zinaelewana vizuri, panga tarehe zigusane: unamaliza huku leo, unaanza kule kesho, na karatasi za pande zote zipelekwe pamoja. Si kila ofisi ya mkoa inakubali hilo, kwa hiyo kaulize dirishani wiki mbili kabla.

BintiArua:
Eeh! Kumbe mhuri unasema Juni na bado umekwisha?

Nnalongo_K:
Nimesoma mara mbili. Hii ibandikwe mlangoni.

Ssebo_Visa:
Fundi unatisha watu bure. Wakala mzuri anamaliza yote hayo, unampa pasipoti Jumatatu, Ijumaa inarudi na mhuri.

Fundi_wa_Makaratasi:
Ssebo, mhuri uliopatikana bila mwenye pasipoti kufika dirishani ndio huo unaokuja kugundulika uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi, Bangkok, siku ya kupanda ndege. Wa kuongeza muda ni wewe mwenyewe, kwa miguu yako. Wakala akupangie mafaili tu.

BintiArua:
Na mtu akitaka kuja nyumbani Aprili kusalimia, halafu arudi?

Mpakani_Busia:
Achukue ruhusa ya kuingia tena kabla ya kutoka, fomu TM8. Safari moja ni baht 1,000, safari nyingi ni 3,800. Ukitoka bila hiyo, mwaka wako wote umeutupa. Akirudi asiondoke dirishani kabla ya kusoma mhuri: tarehe ya "kukaa mpaka" iwe ile ile ya ruhusa ya zamani. Afisa aliyechoka saa nane usiku hukosea, na kosa likishatoka nawe uwanjani, kulirekebisha ni kazi ya siku nzima.

Ssebo_Visa:
Ruhusa ya kuingia tena achukulie pale pale uwanja wa ndege, dirisha lipo.

Fundi_wa_Makaratasi:
Usimsikilize. Ichukue mjini wiki moja kabla, foleni ya uwanjani haijui ndege yako inaondoka saa ngapi.

Nnalongo_K:
Tena akumbuke kadi ya njano. Uganda iko kwenye orodha ya homa ya manjano. Tangu 2016 chanjo moja inatosha maisha yote, akikwambia mtu kadi imeisha baada ya miaka 10 anataka hela yako. Na kuanzia Mei 2025 kuna fomu ya kuingia ya mtandaoni, TDAC, inajazwa ndani ya siku 3 kabla ya kufika. Ni bure.

Chaki_Kasese:
Pasipoti jamani! Ikibakiza miezi 7, ruhusa ya mwaka inakuwa ya miezi 7. Uganda haina ubalozi Bangkok, kwa hiyo anayekuja Aprili aitengeneze hapa kabla hajarudi.

BintiArua:
Mwenye diploma ya ualimu ya Grade V anaweza kubaki?

Mpakani_Busia:
Kama mwalimu, hapana, wanataka shahada. Na sisi hatuhesabiwi wazawa wa Kiingereza, hata kama umekisema tangu P1, kwa hiyo shule nyingi huuliza mtihani wa Kiingereza wa TOEIC, alama 600 kwenda juu. Ile karatasi inadumu miaka 2. Aliyefanya kabla ya kuondoka Entebbe, mwaka wa pili inamwishia mkononi. Kibali cha muda cha kufundisha cha Krusapha, baraza la walimu la Thailand, nacho ni cha miaka 2. Mwenye shahada ya ualimu ya Kyambogo au Makerere ana nafuu huko mbele kuliko mwenye shahada ya biashara.

Mzee_Makindye:
Na makato?

Mpakani_Busia:
Swali zuri hilo, Mzee. 25,000 mara 12 ni 300,000. Toa 100,000 ya gharama, toa 60,000 ya mtu binafsi, inabaki 140,000. Kodi inaanza juu ya 150,000. Kwa hiyo aliyekatwa kodi mwaka mzima kwa mshahara huo ajaze PND 91, fomu ya kodi ya mapato, kabla ya mwisho wa Machi, adai hela yake. Ile karatasi ya kodi ndiyo hiyo hiyo uhamiaji wataiomba akiongeza muda.

Mzee_Makindye:
Haya. Basi hiyo hela ya kurudishiwa anunue kaploti Wakiso, asiiache kule.

Ssebo_Visa:
Kaploti gani kwa baht elfu tatu, Mzee? Labda la kaburi.

BintiArua:
😂 Picha za ile fomu ya kuongeza muda ni saizi gani?

Fundi_wa_Makaratasi:
Sentimita 4 kwa 6, bandika moja kwenye fomu yenyewe, TM7, beba nyingine tatu. Na risiti ya TM30, taarifa ya unapoishi, kutoka kwa mwenye nyumba usiisahau, bila hiyo unarudishwa kutoka dirishani.