Tupeane uzoefu: waliofika Husuni Kubwa, Kilwa Kisiwani

Mwanzisha mada, Arusha

Ndugu wanajamvi, sisi wa Arusha na Moshi tukiulizwa na wageni habari za mlima na mbuga hujibu bila kusita, lakini ni wachache waliowahi kuiona kasri ya masultani iliyo juu ya jabali linaloitazama bahari kule Kilwa Kisiwani. Naomba waliofika Husuni Kubwa watusimulie.

Mimi nilipitia Dar es Salaam, nikashika barabara ya kusini hadi Kilwa Masoko, nikachukua kibali cha kuingia kwenye magofu, ndipo nikavuka kwa mashua. Wageni wengi huridhika na ngome ya zamani iitwayo Gereza na Msikiti Mkuu wakarudi, jambo ambalo nawasihi msilifanye, kwa kuwa kasri iko pembeni na inahitaji nafasi yake. Ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 14, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule ambaye Ibn Battuta, msafiri mashuhuri kutoka Morocco, alimkuta Kilwa mwaka 1331 na kumsifu kwa ukarimu. Ina vyumba zaidi ya 100, ua mpana unaodhaniwa kuwa ulihusika na biashara, na birika la kuogea lenye pembe nane. Nilipofika ukingoni nikaitazama bahari, nilielewa kwa nini Sultani alipachagua mahali pale, maana mji ulioishi kwa dhahabu ya Sofala, bandari iliyo Msumbiji ya leo, ulipaswa kuviona vyombo vyake vikiingia.

Mchangiaji wa Moshi

Ahsante sana, ndugu yangu. Mimi ni fundi mwashi, na kilichonishika ni kazi ya mikono. Kuta ni za mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa, nayo chokaa hupatikana kwa kuchoma matumbawe hayohayo. Mapambo yalichongwa kwenye matumbawe laini yanayotolewa baharini, ambayo hukatika kwa urahisi yakiwa mabichi na kuwa magumu yakikauka. Kwa hiyo fundi alilazimika kuwa na mchoro kamili kichwani kabla jiwe halijakauka. Huku kwetu tumezoea mawe ya volkano, ambayo hayana upole huo. Nilipitisha muda mrefu kwenye birika lile nikizitazama pembe zake, na ninaamini kila mwanafunzi wa ujenzi nchini angepaswa kupelekwa pale.

Mchangiaji mwingine, Arusha

Kaka fundi amesema kweli. Nilikwenda na baba yangu, ambaye ni mtu mzima sana, kwa hiyo naongeza machache kwa wenye wazee. Vukeni asubuhi kabla jua halijawa kali, bebeni maji ya kutosha, vaeni viatu vya kufunga, na mchukueni mwongoza wageni anayekijua kisiwa. Msiruhusu watoto wapande kuta: magofu haya yaliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, na kuanzia 2004 hadi 2014 yalikuwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini. Je, kuna aliyekwenda wakati wa masika atuambie hali ya barabara na bahari?